Simu Yenye Alama ya Tunda Lililong'atwa: Kesi, Kodi na Washindani

Ndugu msomaji, bila shaka umewahi kuiona. Pengine uliiona kwa mgeni aliyetoka mjini, pengine kwa kijana aliyerudi nyumbani kwa likizo. Ameshika simu nyembamba ya kioo, na mgongoni ina picha ya tunda lililong'atwa upande mmoja. Tunda hilo ni tufaa, ambalo wengi hulijua kwa jina la epo. Kampuni inayotengeneza simu hiyo inaitwa Apple, maana yake ni tufaa hilo hilo. Simu yenyewe inaitwa iPhone.

Hapa vijijini simu hizo ni chache, kwa sababu bei yake haishikiki. Moja iliyo mpya kabisa inaweza kufikia bei ya ng'ombe wawili au zaidi. Wengi wetu tunatumia kitochi, au simu ya kugusa ya bei nafuu.

Sasa, kwa nini tuandike habari za kampuni ya Marekani ambayo simu zake hatununui? Tunaandika kwa sababu kampuni hiyo imekuwa na nguvu kupita nchi nyingi, na serikali mbalimbali zinahangaika namna ya kuisimamia na kuitoza kodi. Habari za kesi zake husikika redioni kila mara, lakini redio husema haraka haraka, na kabla hujaelewa wameshahamia kwenye mpira. Katika ukurasa huu tutakwenda polepole.

KAMPUNI ILIVYOANZA

Kampuni ya Apple ilianzishwa tarehe 1 Aprili 1976 katika jimbo la California, Marekani. Waanzilishi walikuwa watatu: Steve Jobs, Steve Wozniak na Ronald Wayne. Huyu wa tatu alijitoa baada ya siku chache tu, akauza fungu lake kwa dola 800. Msomaji akadirie mwenyewe, maana hesabu zake tutaziona hapa chini.

Mwanzoni walitengeneza kompyuta. Simu yao ya kwanza ilianza kuuzwa mwezi wa Juni mwaka 2007. Kabla ya hapo simu nyingi zilikuwa na vitufe vya kubonyeza. Hii ilikuwa kioo kitupu, unagusa kwa kidole. Watu waliipenda sana, na makampuni mengine yakafuata njia hiyo. Steve Jobs alifariki tarehe 5 Oktoba 2011. Wiki chache kabla, uongozi ulikuwa umeshikwa na Tim Cook.

Katika mwaka wa hesabu ulioishia Septemba 2025, kampuni iliuza mali ya dola bilioni 416. Baada ya kuondoa gharama na kodi, ilibaki na faida ya dola bilioni 112. Karibu nusu ya mauzo hayo ilitokana na simu.

Bilioni moja ni kiasi gani? Ni milioni elfu moja. Tuseme umekaa chini unahesabu dola moja moja, kila sekunde dola moja, huli wala hulali. Kufika bilioni moja kutakuchukua zaidi ya miaka 31. Sasa faida ile ni bilioni 112. Ni kubwa kuliko pato lote la taifa la Tanzania kwa mwaka mzima, yaani pamba, korosho, dhahabu, watalii, ng'ombe na kila kitu ukikijumlisha pamoja. Ndiyo maana tunasema hii si kampuni ya kawaida. Serikali inapogombana nayo, ni kama wanagombana wakubwa wawili.

GULIO LILILOMO NDANI YA SIMU

Simu ya kisasa peke yake haina kazi nyingi. Ili ifanye mengi, mwenye simu huweka ndani yake programu. Programu ni kama chombo cha kazi. Ipo ya kusikiliza muziki, ipo ya kucheza michezo, ipo ya kutuma fedha. Programu hizi hutengenezwa na watu na makampuni mbalimbali duniani, si Apple peke yake.

Lakini mwenye iPhone huzipata wapi? Mwaka 2008 Apple ilifungua gulio lake ndani ya simu. Linaitwa App Store. Kwa miaka mingi gulio hilo lilikuwa ndilo pekee. Hukuweza kuweka programu kwenye iPhone bila kupitia hapo.

Sisi tunajua gulio. Ukipeleka maembe yako au kuku wako, mtoza ushuru anakuja, unalipa, anakukatia risiti. Hakuna anayekataa, maana mahali pana mlinzi na pamefagiliwa. Gulio la Apple nalo lina ushuru wake. Mtu akiuza kitu cha kutumika ndani ya programu, Apple ilikata asilimia 30. Maana yake, katika kila shilingi 100 kampuni ilichukua 30, na mwenye mali akabaki na 70. Kuanzia Januari 2021 wauzaji wadogo, wale ambao mapato yao kwa mwaka hayazidi dola milioni moja, walipunguziwa hadi asilimia 15.

Ushuru huo ni mkubwa, lakini si huo tu uliowaudhi watu. Kulikuwa na masharti mawili. La kwanza, mnunuzi lazima alipe kwenye sanduku la fedha la Apple, si kwa muuzaji mwenyewe. La pili, muuzaji alikatazwa kumwambia mteja ndani ya gulio kwamba mahali pengine anauza kwa bei ya chini. Hebu fikiri umekaa na maembe yako, jirani anakuuliza bei, na wewe umekatazwa kusema, "Njoo nyumbani, kule nauza rahisi." Hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

Kampuni moja ya Marekani inayotengeneza michezo, iitwayo Epic Games, iliamua kuvunja masharti hayo makusudi. Mchezo wake unaitwa Fortnite, na unachezwa na mamilioni ya vijana. Tarehe 13 Agosti 2020, Epic iliweka ndani ya mchezo njia yake yenyewe ya kulipia, na anayelipa kwa njia hiyo alipunguziwa bei kwa asilimia 20. Siku hiyo hiyo Apple iliutoa mchezo kwenye gulio. Na siku hiyo hiyo Epic ikafungua kesi. Kumbe karatasi za kesi zilikuwa tayari zimeandikwa, walikuwa wanasubiri tu watolewe!

Kesi ilisikilizwa na jaji Yvonne Gonzalez Rogers huko California. Septemba 2021 alitoa hukumu. Madai 10 yalifikishwa mbele yake, na Apple ilishinda 9. Lakini katika lile moja alisema kampuni haina haki ya kuwafunga mdomo wauzaji. Lazima iwaruhusu kuwaonyesha wateja njia ya kwenda kulipa mahali pengine. Pande zote mbili zilikata rufaa. Januari 2024 Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa kuisikiliza kesi hiyo, kwa hiyo amri ya jaji ikabaki.

Apple ikatii, lakini kwa namna yake. Ilisema, haya, onyesheni njia, lakini mteja akienda kulipa huko nje, sisi bado tunakata asilimia 27. Ni sawa na kusema uza nyumbani kwako, lakini mtoza ushuru wa gulio atakufuata mpaka uani. Jaji alikasirika. Tarehe 30 Aprili 2025 aliandika kuwa kampuni imekaidi amri ya mahakama kwa makusudi. Aliandika pia kwamba mkubwa mmoja wa fedha wa kampuni alisema uongo akiwa amekula kiapo. Akaagiza makato hayo yakome mara moja, na suala la ukaidi akalipeleka kwa waendesha mashtaka. Mwezi uliofuata mchezo wa Fortnite ulirudi kwenye gulio la Marekani, baada ya miaka karibu mitano. Mwishoni mwa mwaka 2025 mahakama ya rufaa ilikubali kwamba Apple ilikaidi amri, lakini ikaona kwamba kuizuia isitoze hata senti moja kulizidi kipimo.

Wapo wanaoitetea Apple, na hoja yao tuiseme pia. Kampuni inasema gulio lake ni salama. Programu hukaguliwa kabla ya kuingizwa, na matapeli huzuiwa mlangoni. Kila mtu akiruhusiwa kuuza anavyotaka, wezi wa fedha wataingia. Hoja hii ina uzito, maana utapeli wa simu tunaujua. Lakini mlinzi wa mlangoni akiwa pia ndiye mwenye duka la kushindana na hao anaowakagua, watu lazima watauliza maswali.

ULAYA NAYO YASIMAMA

Mfano wa mlinzi mwenye duka uko kwenye muziki. Spotify ni kampuni ya Sweden inayouza muziki kwa njia ya simu. Apple nayo inauza muziki. Spotify ilikuwa ikikatwa ushuru na mshindani wake huyo huyo. Mwaka 2019 ilipeleka malalamiko kwa Tume ya Umoja wa Ulaya, ambayo ndiyo inayosimamia sheria za biashara katika nchi za umoja huo. Tarehe 4 Machi 2024 Tume iliitoza Apple faini ya zaidi ya yuro bilioni 1.8. Yuro ni fedha inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya.

Mwezi huo huo sheria mpya ya Ulaya ikaanza kuyabana makampuni makubwa ya namna hii. Sheria hiyo inasema mwenye gulio kubwa lazima aruhusu na magulio mengine. Tarehe 23 Aprili 2025 Apple ilitozwa faini nyingine, yuro milioni 500, kwa kuendelea kuwazuia wauzaji wasiwaelekeze wateja kwingine. Kampuni ilizipinga faini zote mbili.

Jambo jingine ambalo Ulaya ililifanya ni dogo, lakini kila mwenye simu ataliona. Ni habari ya waya wa chaji. iPhone ilikuwa na tundu lake la peke yake, na chaji ya simu nyingine haikuingia. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria kwamba simu zote mpya zitakazouzwa huko zitumie tundu la aina moja kuanzia mwisho wa mwaka 2024. Apple ilikuwa imepinga muda mrefu. Lakini Septemba 2023 ilitoa simu mpya, iPhone 15, ikiwa na tundu hilo la wote. Nayo ikauzwa hivyo dunia nzima, si Ulaya tu. Siku hizi mwenye iPhone akija kijijini na kusahau chaji yake, anaweza kuazima kwa jirani mwenye Tecno ya karibuni.

KESI YA SERIKALI YA MAREKANI

Hata nyumbani kwao mambo si shwari. Tarehe 21 Machi 2024 Wizara ya Sheria ya Marekani, pamoja na majimbo 15 na mji mkuu Washington, iliifungulia Apple kesi katika jimbo la New Jersey. Serikali inadai kwamba kampuni imejenga ua kuzunguka wateja wake, kuingia ni rahisi, kutoka ni taabu. Kwa mfano, saa ya mkononi ya Apple haifanyi kazi na simu ya kampuni nyingine. Ujumbe ukitoka iPhone kwenda iPhone unafika vizuri na picha zake safi. Ukitoka au kwenda kwa simu nyingine, unafika na rangi tofauti na picha zilikuwa zinaharibika. Kijana wa Marekani mwenye simu nyingine huchekwa na wenzake. Serikali inasema hayo si bahati mbaya, yamepangwa.

Apple ilikanusha na kuomba kesi ifutwe. Juni 2025 jaji alikataa kuifuta. Kesi za namna hii huchukua miaka.

Tukiwa kwenye malalamiko ya wateja, tusiisahau ile ya betri. Desemba 2017 kampuni ilikiri kwamba ilikuwa ikipunguza mwendo wa simu zilizozeeka bila kuwaeleza wenyewe. Ilisema ilifanya hivyo ili simu yenye betri iliyochoka isizime ghafla. Watu wengi hawakukubali. Walisema tumefanywa tudhani simu zimekufa ili tununue mpya. Mwaka 2020 Ufaransa iliitoza faini ya yuro milioni 25, na huko Marekani kampuni ilikubali kuwalipa wateja hadi dola milioni 500 ili kumaliza kesi.

KODI: SHILINGI HAMSINI KWA KILA MILIONI

Sasa tufike kwenye kodi. Hapa tutakaa kidogo, maana ndipo penye mambo.

Ireland ni nchi ndogo ya kisiwani, huko Ulaya magharibi, yenye watu zaidi ya milioni tano. Zamani ilikuwa na shida kubwa ya kazi na vijana wake walihamia nchi nyingine. Apple ilifungua kiwanda katika mji wa Cork mwaka 1980, na watu wakapata ajira. Serikali ya Ireland ilitaka kampuni ibaki. Mwaka 1991, na tena mwaka 2007, idara ya kodi ya Ireland ilikubaliana na Apple juu ya namna ya kukadiria faida itakayotozwa.

Makubaliano hayo yalifanya kazi hivi. Mtu akinunua iPhone dukani Ufaransa, au Ujerumani, au Italia, kwenye vitabu iliandikwa kwamba ameuziwa na kampuni tanzu ya Apple iliyoko Ireland. Kwa hiyo faida ya nchi nyingi ikakusanyika Ireland. Hapo ungetegemea Ireland itatoza kodi yake ya kawaida, asilimia 12.5. Lakini haikuwa hivyo. Kampuni hiyo tanzu iligawa faida yake mafungu mawili. Fungu dogo liliandikwa ni la tawi la Ireland, likatozwa. Fungu kubwa liliandikwa ni la "makao makuu."

Na hayo makao makuu yalikuwa wapi? Tume ya Ulaya ilichunguza ikakuta hayako nchi yoyote. Hayakuwa na jengo. Hayakuwa na mfanyakazi hata mmoja. Yalikuwa kwenye karatasi tu. Kwa kuwa hayakuwa nchi yoyote, hakuna nchi iliyoyatoza kodi.

Tuchukue mwaka 2011. Kampuni hiyo tanzu ilipata faida ya kama yuro bilioni 16. Iliyohesabiwa kuwa ya kutozwa kodi Ireland ilikuwa kama yuro milioni 50 tu. Kodi iliyolipwa haikufika yuro milioni 10. Mwaka 2014 mambo yalizidi. Tume ilisema kodi ilishuka hadi yuro 50 kwa kila faida ya yuro milioni moja.

Tuiweke kwa fedha zetu tuelewane. Umeuza mazao, umetoa gharama zote, umebaki na faida ya shilingi milioni moja. Mtoza kodi anakuja, unampa shilingi hamsini, anakushukuru na kuondoka. Shilingi hamsini leo hata andazi hainunui. Fundi cherehani au mwenye kioski pale Ireland hakupata unafuu kama huo. Yeye alilipa kama sheria ilivyosema.

Tarehe 30 Agosti 2016 Tume, kwa sauti ya kamishna wake Margrethe Vestager, ilitangaza kwamba Ireland ilikuwa imeipa kampuni moja msaada ambao wengine hawakupewa, na kwamba jambo hilo ni kinyume cha sheria za Ulaya. Apple ikaamriwa kuilipa Ireland hadi yuro bilioni 13, pamoja na riba.

Sasa sikiliza kioja. Ireland ilikataa fedha hizo! Serikali yake ilikwenda mahakamani pamoja na Apple kusema kwamba hazidai. Tukilisikia hivi hivi linachekesha, lakini wao walikuwa na hofu yao. Waliogopa kwamba makampuni mengine ya kigeni yataona Ireland haishiki ahadi, yataondoka na kazi zitapotea. Apple kwa upande wake ilisema faida ile ilitokana na kazi ya wataalamu walioko California, kwa hiyo kodi yake ni ya kulipwa Marekani, si Ireland.

Fedha ziliwekwa kwenye akaunti maalumu, hakuna wa kuzigusa mpaka kesi iishe. Mwaka 2020 mahakama ya kwanza ya Ulaya iliipa Apple ushindi. Tume ikakata rufaa. Tarehe 10 Septemba 2024 mahakama ya juu kabisa ya Umoja wa Ulaya ikaamua kwamba Tume ilikuwa sahihi, na uamuzi huo ni wa mwisho. Pamoja na riba, Ireland ikawa inapata kama yuro bilioni 14. Ukizigawa kwa watu wote wa nchi hiyo, wazee na watoto wachanga, kila mmoja ni zaidi ya yuro 2,500.

Tangu mgogoro huo uanze, nchi nyingi zimekubaliana kwamba kampuni kubwa isilipe chini ya asilimia 15 popote ilipo. Ireland nayo ilikubali mwaka 2021, na ilianza kuitumia sheria hiyo mwaka 2024. Maoni yetu ni kwamba swali gumu bado lipo. Simu imebuniwa Marekani, imeunganishwa China, imeuzwa Ufaransa, na kwenye vitabu imeandikwa Ireland. Nani hasa mwenye haki ya kodi yake? Mnunuzi aliyetoa fedha yuko Ufaransa, lakini Ufaransa haikutajwa kabisa katika zile yuro bilioni 13.

USHURU WA BANDARINI

Kodi ya faida ni moja, ushuru wa forodha ni nyingine. Kwa miaka mingi iPhone nyingi ziliunganishwa China. Kiwanda kilichoko mji wa Zhengzhou, cha kampuni iitwayo Foxconn, kimewahi kuwa na wafanyakazi kama 200,000. Huo ni mji mzima ndani ya ukuta mmoja.

Aprili 2025 Rais Donald Trump wa Marekani alitangaza ushuru mkubwa kwa bidhaa za kutoka nje. Kwa China ulipanda hadi asilimia 145. Baada ya siku chache simu zilisamehewa sehemu kubwa ya ushuru huo, lakini si wote. Kampuni ilieleza kwamba kwa miezi mitatu tu, Aprili hadi Juni 2025, ushuru uliigharimu dola milioni 800. Ikahamishia India sehemu kubwa ya kazi ya simu za soko la Marekani. Mwezi Mei Trump akasema hata hizo za India hazitaki, anataka ziundwe Marekani, la sivyo atatoza asilimia 25. Agosti 2025 Apple iliahidi kutumia dola bilioni 600 ndani ya Marekani kwa miaka minne.

WASHINDANI HAWALALI

Msomaji mwenye umri anaikumbuka Nokia. Ile Nokia 1100 yenye tochi, iliyotoka mwaka 2003, iliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Hakuna aliyedhani Nokia itashindwa. Lakini simu za kioo zilipoingia, Nokia ilichelewa. Mwaka 2013 ilikubali kuiuzia Microsoft biashara yake ya simu, na mwaka 2014 mauzo yakakamilika. Apple inaijua habari hiyo vizuri, maana yenyewe ndiyo iliyochangia kuiangusha.

Mshindani wake mkubwa wa miaka mingi ni Samsung ya Korea Kusini. Mwaka 2011 Apple iliishtaki kwa kuiga umbo na mitindo ya simu yake. Mwaka 2012 baraza la wazee wa mahakama huko California liliamuru Samsung ilipe zaidi ya dola bilioni moja. Wakabishana miaka, kiasi kikapunguzwa, na Juni 2018 wakapatana. Na kioja ni kwamba wakati wote huo Apple iliendelea kununua vipuri kutoka Samsung hiyo hiyo.

Huko China yupo Huawei. Mwaka 2019 Marekani iliizuia isinunue vifaa vya Kimarekani, na mauzo yake ya simu yakaporomoka. Wengi walisema imekwisha. Agosti 2023 ilitoa simu mpya yenye nguvu, na Wachina wengi wakairudia.

Kwetu Afrika hadithi ni nyingine kabisa. Tecno, Itel na Infinix zote ni za kampuni moja ya China, iitwayo Transsion, yenye makao Shenzhen. Hii haikushindana na Apple kwa urembo. Iliangalia mtu wa hapa anahitaji nini. Ana laini mbili za mitandao tofauti, basi iweke laini mbili. Umeme ni wa shida, basi betri ikae siku nyingi. Picha za kamera nyingi zilimfanya mtu mweusi aonekane kivuli, basi kamera irekebishwe. Na bei iwe ya kununulika. Ndiyo ikawa muuzaji mkubwa wa simu katika Afrika.

MADINI YA KONGO

Mwisho tuje karibu na nyumbani. Ndani ya simu yako, iwe iPhone au kitochi, kuna madini. Yapo bati, dhahabu, na tantalamu inayotokana na koltani. Sehemu kubwa ya koltani ya dunia huchimbwa mashariki ya Kongo, huko Kivu, kwa watu wanaosema Kiswahili kama sisi. Huchimbwa kwa sururu na koleo. Mgodi wa Rubaya peke yake hutoa kama asilimia 15 ya tantalamu ya dunia. Aprili 2024 ulitekwa na waasi wa M23.

Desemba 2024 serikali ya Kongo ilipeleka mashtaka ya jinai Ufaransa na Ubelgiji dhidi ya kampuni tanzu za Apple. Ilidai kwamba madini yaliyoporwa Kongo huvushwa nchi jirani, husafishwa jina, na kuingia kwenye bidhaa za kampuni hiyo. Apple ilikanusha kabisa. Ilisema ilikuwa imeshawaagiza wanaoiuzia vifaa waache kununua bati, tantalamu, tungsteni na dhahabu kutoka Kongo na Rwanda.

Agizo hilo nalo lina upande wa pili. Mchimbaji wa Kivu asiye na uhusiano na waasi, anayeishi kwa koleo lake, naye amefungiwa soko.

Waendesha mashtaka wa Ufaransa waliiacha kesi hiyo, wakasema ushahidi hautoshi. Ile ya Ubelgiji iliendelea kuchunguzwa mwaka 2025.